Kishimo Kisicho na Kokoto

Mjukuu wangu Ambakisye,

Huku Lyulilo tu wazima, isipokuwa miguu yangu. Unauliza sifuri ni ya nini, kama haina kitu.

Mama yangu, mfinyanzi, alihesabu vyungu kwa kokoto katika vishimo vitatu: cha kulia kila kokoto ni chungu kimoja, cha kati vitano, cha kushoto vitano mara tano. Vyungu ishirini na sita vilikuwa kokoto moja kushoto, moja kulia, katikati kishimo kitupu. Siku moja nilikifukia.

"Sasa kokoto ya kushoto inasomeka tano; umebakiza sita," akasema, akakifukua.

Kisha Wajerumani wakamchukua baba kubeba mizigo ya vita. Hakurudi. Jioni moja nikakiondoa kigoda chake, tukae kwa nafasi. Mama akakirudisha.

"Kiache kitupu, mwanangu. Tukikiondoa, tutakuwa tumejihesabu vibaya."

Mpaka leo kipo jikoni kwangu.

Bibi yako