Mama wa Watoto Wanne Wenye Majina Manne

Mama yangu, mama wa Hamisi, Mwajuma, Saidi na mimi,

Umeshinda. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, maana nakujua, ungeniambia niache mapambo niseme kilichonileta. Kesi yako na ile mashine ya zahanati imekwisha, na mshindi ni wewe. Ni mwaka wa tatu sasa tangu tukuzike, na hata ulipokuwa hai barua zote ulinipa mimi nikusomee. Basi kaa nikusomee na hii.

Unaikumbuka siku yenyewe? Kila asubuhi ulivuka mpaka wa Grande Barrière na beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani, kichwani kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo, lakini siku hiyo hukuvuka. Wageni walikuwa wamefungua zahanati karibu na ziwa, ina kompyuta, na mji mzima wa Gisenyi ulikuwa ukiisifu. Ulitupeleka wote wanne kuchanjwa, umetupaka mafuta mpaka tunang'aa. Karani akaandika jina lako, Nyiransabimana Zaina. Akaandika Habineza Hamisi, kompyuta ikalia. Akaandika Uwimana Mwajuma, ikalia tena.

"Mama, mashini inasema haba batoto si ba kwako," alikwambia. "Majina haifanane."

"Na we unasema nini?"

"Mi najua ni ba kwako. Iko wazi, angalia ile mapua. Lakini mashini inakatala."

Yule karani alikuwa mtu wa hapa hapa. Alijua kwamba kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe, wala si la baba wala la mama. Mimi uliniita Iradukunda, yaani Mungu anatupenda, kwa sababu nilizaliwa mwaka ambao ulikuwa umechoka kabisa na ulihitaji kukumbushwa. Yote hayo aliyajua, ila foleni ilikuwa imefika barabarani, kwa hiyo akafanya kama walivyofanya makarani wenzake: akatuandika sote kwa jina lako. Tukawa Nyiransabimana wanne. Hamisi, mwanaume wa miaka tisa, akapewa jina linaloanza na Nyira, na kila mtu Rwanda anajua hilo ni la mwanamke. Alililia jina kuliko sindano.

Tulicheka nyumbani, lakini hatukucheka muda mrefu. Kadi zilitoka zote na jina hilo moja tu, huwezi kujua ipi ni ya nani. Tuliporudi mara ya pili, Saidi akachomwa sindano yake na ya kwangu, nami sikuchomwa kitu. Akashikwa na homa siku mbili, ukampakata mchana kutwa unampepea na upindo wa kitenge. Siku ya tatu ukatupanga mstari mmoja, mkubwa mbele, mdogo nyuma, ukatupeleka mpaka kwenye meza ya karani.

"Mi nilizala batu ine!" ulisema, na foleni nzima ikageuka. "Si mutu moja mara ine! Andika batoto yangu!"

"Mama, si mi. Ni mashini."

"Basi mwenye hiyo mashini iko wapi? Muniitie."

Hakuna aliyejua pa kumwita. Tukarudi nyumbani na kadi zile zile.

Mwenye mashine nimempata, Mama.

Kazi yangu unaijua. Uliwaambia majirani kwamba binti yako analipwa kwa kubonyeza kompyuta. Basi katika kubonyeza kwangu, mwaka jana nikasikia kwamba programu ile ile ya kuandikisha wagonjwa bado inatumika, tena katika nchi nyingi, na kwamba si siri ya mtu. Iko mtandaoni, kwenye jukwaa ambalo watu huyaweka wazi maandishi ya programu zao, ili yeyote ayasome, ayachukue bure, au apendekeze masahihisho. Ni kama sufuria ya harusi: kila mpishi anaruhusiwa kuonja na kusema chumvi haitoshi, ila wapo wachache walioshika mwiko, na hao ndio wanaoamua.

Nilikaa barazani kwenye kiti chako cha plastiki, nikasoma siku nne. Siku ya nne nikaufikia mstari wenyewe. Ulikuwa mfupi tu: wenye jina moja la ukoo ni familia moja, wasio nalo si familia. Mstari mmoja ndio uliomchoma Saidi sindano mbili! Nikaufuta, nikapeleka sahihisho langu kwa wenye mwiko, na maelezo makali kwamba hata mtoto mdogo anajua mambo haya.

Wakajibu siku hiyo hiyo. "Asante. Hili si kosa. Familia hushiriki jina." Wakafunga mjadala.

Nilinuna wiki nzima. Sikuumia kwa ajili ya programu, niliumia kwa sababu ilikuwa ni wewe unafukuzwa mezani mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyekupeleka. Mwajuma akaja, akanisikiliza, kisha akanishushua kama ambavyo ungenishushua wewe.

"Bon, we unagombana na batu hawakujue," akasema. "Mama alitupanga mbele ya meza. Na we utupange."

Watu wa kazi hii wana desturi moja, Mama. Kando ya programu huandika majaribio, yaani mifano midogo ambayo mashine huijibu yenyewe kila mara mtu anapotaka kubadilisha kitu. Jaribio moja likianguka, badiliko halipiti. Basi niliomba ruhusa kwa ndugu zangu nitumie majina yao, nikaandika jaribio: mama ni Nyiransabimana, watoto wake ni Habineza, Uwimana, Tuyisenge na Iradukunda. Hii ni familia moja? Nikaliweka hadharani. Mashine ikajibu kwa maandishi mekundu, mbele ya watu wote: hizi ni familia tano.

Safari hii hawakufunga. Mtu wa Aislandi akaandika kwamba yeye na baba yake hawajawahi kuwa na jina moja. Akafuata wa Ethiopia, akafuata wa kusini mwa India, wote wanasema na kwetu pia. Kisha akaja muuguzi wa Kanzenze, hapo juu tu. Aliandika hivi: "Ata leo tunaandika batoto yote na jina ya mama, njo mashini inakubali. Tafazali mutusaidie." Nilipousoma ujumbe huo nililia. Miaka yote hiyo, Mama, na bado kuna mwanamke aliyesimama mbele ya meza ile.

Mkuu wa wenye mwiko, mama mmoja anayeitwa Marta, akaufungua mjadala upya. Alinirudishia kazi mara saba. Hapa umesahau yatima, hapa umesahau mtoto anayelelewa na shangazi. Kila mara nilirekebisha, na kila mara alikuwa sahihi. Nilibisha mara moja tu. Mwenzake mmoja alisema majina yetu ni marefu, kwenye jaribio tuandike Mama, Mtoto wa Kwanza, Mtoto wa Pili. Nikakataa. Nikamwandikia kwamba mwenye majina haya alizaa watu wanne, na kila mmoja alimpa jina akijua kwa nini. Marta akajibu kwa neno moja: "Yabaki."

Jumanne, saa sita mchana, sahihisho likakubaliwa. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaingia na fimbo akidhani nimeona nyoka. Nikampigia Hamisi, yuko barabarani na lori lake.

"Donc kuanzia leo mi ni mwanaume?" akauliza.

"Rasmi," nikamwambia.

Akacheka. "Umwambie Mama," akasema.

Ndiyo maana nakuandikia. Nina furaha isiyo na adabu, natembea Gisenyi nzima kifua mbele, na kinachoniuma ni kimoja tu, kwamba sikuwahi kuuona uso wako ukiyasikia haya. Wiki iliyopita muuguzi wa Kanzenze aliniletea ujumbe. Programu mpya imefika, na ameandika mama mmoja na watoto wake watatu, kila mtoto na jina lake. Mashine haikulia.

Na sasa sikia lililo kubwa zaidi. Jaribio lako halitoki, limekaa humo na majina yetu yote. Mtu yeyote, awe wa nchi gani, akitaka kubadilisha hata nukta moja katika programu ile, mashine humuuliza kwanza: je, Nyiransabimana ni mama wa hawa wanne? Badiliko lake likisema hapana, anarudishwa alikotoka.

Pumzika, Mama. Mezani wamekuandika.

Ni mimi, kitinda mimba wako