Kwati ya Mama

Falmouth, Jamaika
14 Machi 1842

Kaka Quaco mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Kifua chako kimepona? Kazi za huko Kingston zinakwendaje? Huku tu wazima, ila miguu ya Mama bado inavimba.

Uliuliza kwa nini Mama aliacha kanisa, kisha akaacha na kuuza viazi vikuu sokoni. Kisa ni sarafu.

Sijui huko mnaiitaje ile ndogo ya fedha, robo ya peni sita. Sisi twaiita kwati, yaani robo. Siku hizi ina jina jingine, kwati ya Kikristo, kwa sababu tangu tuachiwe huru watu hawataki kumtolea Mungu shaba. Mama ndiye wa kwanza kukataa. Hajasahau Krismasi za shambani, bwana akirusha shaba matopeni tuzigombanie kama kuku, wageni wake wakicheka. Mama hakuinama hata mara moja.

Basi Jumapili moja mwezi wa Novemba, sahani ya sadaka ilipopita, Shemasi Larchin aliinua shaba akasema kwa sauti, "Loo! Leo Mama Cubba kamletea Mungu makombo!" Kanisa zima likacheka. Nyumbani Mama akaniambia macho yamekwisha, hata fedha na shaba hazitambui, na muuzaji asiyejua sarafu ataibiwa mchana kweupe. Tangu siku hiyo akawa wa kukaa mlangoni tu.

Kaka, macho ya Mama hayana kasoro. Alinipa kwati nimtilie sahanini, nikatia shaba yangu. Kwa ile kwati nilinunua kitabu cha kujifunzia kusoma. Nilimwacha ajione kipofu miezi mitatu.

Mwezi uliopita nilimwambia. Aliacha chungu kikaungua. Akauliza kitabu kiko wapi, nikakileta, akasema, "Soma." Nikasoma nikilia.

Jumapili iliyofuata alinishika bega tukaenda kanisani. Sahani ilipofika akasema mbele ya watu wote, "Shemasi, mimi naona vizuri. Mwizi ni huyu binti yangu, na wewe una deni la kuniomba radhi." Niliona haya, lakini nilistahili. Shemasi aliomba radhi.

Jumamosi alirudi sokoni. Nilimsikia tangu mbali akimfokea mteja, "Wewe, nunua au ondoa mkono!"

Anakusalimu sana. Wasalimie wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Dorinda