Usiniambie "Nakuja"

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa wodi katangaza majaribio ya mwezi mmoja: mkunga mmoja, mama mmoja, tangu uchungu unashika hadi mtoto ananyonya. Hubanduki! Redio – mwenzangu, mdomo wake haujui likizo – akauliza, na chooni je? Tulicheka. Ila zamu moja tuko wanne, vitanda saba. Mkuu kasema tukishindwa tunarudi kule kule. Miaka kumi na tisa nimekimbia kitanda hadi kitanda. Nataka hili lifaulu, nalitaka mno.

Jumatano, 6 Machi
Nimepewa wangu. Mimba ya pili, kaja kliniki kwa kukokotwa na wifi yake. Anataka kuzalia nyumbani. Kulikoni? Anachezea kamba ya pochi. Wifi akamsemea: safari ile sista alimwambia "nakuja", akatoka, hakurudi. Mtoto kazaliwa hakuna wa kumpokea. Mtoto mzima, yuko shule. Mama damu zilimwagika, nusura aage dunia.

Na zinaweza kumwagika tena. Nyumbani nani atazizuia?

Nikasema, pole sana mama, kaa hapo nichukue kipimo cha presha, nakuja.

Jamani! Kwa mdomo wangu mwenyewe! Mtu unaondoka, unasema unakuja. Maisha yangu yote nalisema, sikuwahi kulisikia neno hilo.

Kashika pochi, huyo. Nimemkimbilia hadi getini, watu wanashangaa. Nikamwambia siwezi kukuahidi uchungu mwepesi. Nitakaa, basi. Akauliza, hata wakikuita? Hata wakiniita. Akachukua namba yangu ya simu, akaondoka.

Alhamisi, 7 Machi
Hajapiga simu. Leo kila mlango: "Natoka, narudi baada ya dakika tano." Redio anasema natangaza kama stendi ya basi. Acha acheke. Mimi roho haijatulia.

Jumamosi, 9 Machi
Kaja!! Saa mbili asubuhi, kwa miguu yake, wifi nyuma na beseni. Njia imefunguka sentimita tano. Naandika vipande vipande, daftari juu ya goti.

Saa nne. Tunatembea korido. Kaniegemea – mzito huyu! Nimemsugua kiuno hadi kidole gumba kimekufa ganzi. Kanitukana kidogo. Wifi anamwombea radhi. Mwache, mama, atukane tu.

Saa sita na nusu. Mkuu kachungulia: vitanda vimejaa, njoo cha tatu mara moja. Miguu yangu ikainuka yenyewe, mazoea mabaya haya. Mama akaniona. Kaniachia mkono. Yeye ndiye aliyeniachia! Nikakaa. Nikamshika tena. Samahani mkuu, siwezi. Kasimama pale mlangoni, kanitazama weee… kisha akavaa glavu, akaenda cha tatu mwenyewe. Jumatatu sijui nitaambiwa nini. Nikifukuzwa nitauza maandazi.

Saa saba na robo. Amefumba macho. Kila uchungu ukipita anauliza kwa sauti ndogo: sista, upo? Nipo. Upo? Nipo, mama. Mapigo ya moyo wa mtoto mazuri. Dawa ya kuzuia damu iko tayari, nimeikagua mara mbili.

Saa saba na dakika arobaini. Uchungu umekuja mara tatu, umepita, hajauliza. Wifi anampepea na kadi ya kliniki. Sasa anasema anataka kusukuma – naweka kalamu