Moshi wa Mkomazi

Jumanne, 3 Juni
Matuta tena. Nusu wanalima, nusu wanakohoa. Nimeita majina, nimeandika waliochelewa. Ukatibu wa kijiji cha ujamaa ndio huo.

Wakati wa kupumzika Elia akaanza hotuba zake za treni. Ananiudhi. Tulikaa dawati moja Lushoto, hajawahi kunizidi hesabu hata siku moja, leo ndiye profesa wa reli. Treni za kesho hazitatoa moshi, anasema. Zitavutwa na injini za mafuta, baadaye umeme, mwisho zitaelea juu ya reli bila kugusa chuma, Tanga mpaka Mwanza kabla chai haijapoa. Mzee mmoja akamuuliza, sasa gari moshi lisilo na moshi mtaliitaje? Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ile nafasi ya kozi ya udereva wa injini mpya, na mimi nimeiomba.

Ijumaa, 6 Juni
Majibu yamekuja. Nafasi moja, ya Elia. Jina langu ni la pili kwenye orodha. Aripoti Tanga Jumanne tarehe 17, saa mbili asubuhi. Asipotokea, nafasi inakwenda kwa wa pili.

Niliisoma barua mbele ya kijiji kwa sauti nzuri kabisa. Nikampa mkono. Mama yake alilia kwa furaha, akanishika kichwa na mimi, akanibariki. Nilitamani kumsukuma.

Jumatano, 11 Juni
Barua kutoka stesheni ya Mazinde, kwa makatibu wote wa vijiji. Isomwe mkutanoni. Kuanzia Jumatatu treni ya abiria itavutwa na injini ya mafuta. Itapita Mazinde saa nne asubuhi, si saa saba mchana tena.

Nimeisoma mara tatu. Iko mfukoni.

Sisi watu wa mlimani hatukai stesheni. Nyikani kuna joto na mbu. Tunashuka mpaka kwenye jiwe kubwa chini ya kilele cha Irente, tunakaa kwenye ubaridi wetu, tunatazama upande wa Mkomazi, treni inakotokea. Moshi ukionekana, tunainuka. Injini yenyewe inajikokota, mtu anafika stesheni na bado anapata muda wa kufunga kamba za viatu. Baba zetu walifanya hivyo. Elia naye atafanya hivyo, pamoja na hotuba zake zote.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani wamemwombea safari njema. Mkutano baada ya ibada. Nilisoma habari za mbegu za viazi. Nilisoma habari za ng'ombe waliokula kabichi za kijiji. Nikauliza kama kuna mengineyo. Hakuna.

Jumatatu, 16 Juni
Nilimsindikiza. Ndiyo, mimi mwenyewe, sanduku lake kichwani mwangu. Nilitaka kuona.

Saa tatu tulikuwa kwenye jiwe. Ukungu umefunika nyika yote. Elia akasema tuna saa nyingi mbele yetu, akafungua makande ya mama yake, akanipa fungu kubwa. Nilikula. Yalikuwa matamu.

Saa nne honi ikalia chini, ndani ya ukungu. Nzito, ndefu. Si ule mluzi tunaoujua. Elia akainua kichwa.

"Nini hiyo?"

"Lori la mkonge."

"Mbona honi kubwa hivyo?"

"Mashambani wana malori mapya siku hizi."

Akaridhika. Akarudi kutazama Mkomazi.

Saa sita ukungu ulikuwa umeondoka na nyika iko wazi, haina kitu. Nikamuaga, nina kazi za kijiji. Nilipofika kwenye kona nikageuka. Bado amekinga macho kwa mkono, anatafuta moshi. Yeye, aliyetufundisha kwamba hautakuwepo. Nilicheka njia nzima mpaka mbavu zikaniuma.

Alhamisi, 19 Juni
Amerudi. Jioni ile alishuka, akakuta stesheni tupu na karani anafunga mlango. Akatembea mpaka Mombo, akadandia lori, akafika Tanga Jumanne mchana. Walimwambia asiyeweza kuwahi treni hataweza kuiendesha.

Kijiji kizima kinamwita Gari Moshi. Mimi ndiye niliyelianzisha jina. Limemkaa vizuri.

Jumamosi, 21 Juni
Elia amechelewa matutani. Nikaandika jina lake. Akaniuliza mbele ya watu, "Katibu, ile barua ya stesheni ilifika lini? Karani anasema walipewa makatibu wote."

"Barua ipi?"

"Lori la mkonge," akasema Elia. Basi. Akachukua jembe. Watu hawakuelewa kitu. Nilimpa kipande cha ukingoni, kule kwenye mawe.

Jumatano, 25 Juni
Nafasi ni yangu. Barua ina muhuri. Nimeiweka ndani ya Biblia.

Jumatatu, 30 Juni
Naandikia ndani ya treni.

Nilitoka alfajiri, peke yangu. Hakuna aliyekuja kunibebea sanduku. Mama Elia alikuwa nje ya nyumba yake, anapepeta maharage. "Shikamoo, mama." Akaendelea kupepeta. Nikafikiri hajasikia, nikarudia kwa sauti. Akatupa makapi, akageuza ungo. Tangu nizaliwe sijawahi kumwamkia mtu mzima nikakosa marahaba. Nilisimama pale zaidi ya ilivyotakiwa, kisha nikaenda.

Nimepata kiti cha dirishani. Injini haina moshi, kweli, shati langu bado jeupe. Leo mlima uko wazi. Lile jiwe linaonekana, dogo. Kuna mtu amekaa juu yake, au labda ni kivuli.

Tulipoondoka Mazinde honi ililia. Niliisikiliza vizuri. Haifanani kabisa na lori la mkonge.