Goti la Baba na Mashine Uliyotuma

Mpendwa Dada,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale mapacha wanaokunyima usingizi. Huku sote hatujambo, isipokuwa feni ya sebuleni, ambayo Baba anaitengeneza tangu mwezi uliopita na sasa ndiyo haizunguki kabisa.

Mashine ya kutuliza maumivu ilifika salama. Nilimsomea Baba maelezo yake: pedi mbili zinabandikwa kwenye goti, umeme kidogo unapita, maumivu yanapungua. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Miaka arobaini ya ufundi umeme, akasema, amekuwa akiwaepusha watu na umeme, leo wanawe wa kuwazaa wanataka kumchomeka kama pasi.

Akachukua testa yake ya zamani ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye pedi. Taa yake haikuwaka. Alifurahi huyo! Akatangaza kwamba umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na ili kunithibitishia akajibandika pedi mwenyewe, akapandisha namba ya nguvu hadi sita kwa mpigo. Dada, fundi aliruka. Kiti upande huu, ndara upande ule, nami nacheka mpaka mbavu zinaniuma. Tulianza upya kwa namba mbili. Akasema ni kama sisimizi wanaopita na hamsini zao. Baada ya nusu saa alisimama bila kushika meza.

Tangu siku hiyo haikosi kila asubuhi, na sasa anashuka ngazi za ghorofa tatu na kuzipanda mwenyewe.

Najua unashangaa, maana juzi kwenye simu nilikuambia hali ni ileile. Nilikudanganya, Dada, nisamehe. Uliahidi kwamba mashine ikishindwa utakuja mwenyewe umpeleke hospitali. Baba alinikataza kukueleza ukweli, na nilipomuuliza sababu alisema, “Goti likipona, dada yako atakuja kufanya nini?” Miaka minne bila kukuona ni mingi, hata mimi nimekukumbuka mno.

Lakini sitaki uje kwa uongo. Goti limepona. Njoo hivyo hivyo.

Msalimie shemeji, na mapacha uwabusu mashavuni. Baba hajui kama nakuandikia. Ameshuka kwenda kunyoa. Siku utakayofika atajitia kuchechemea mlangoni. Wewe mpe pole tu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba