Sahihi Tatu za Daftari la Matangazo

Tarehe 4 Machi

Dada mpendwa,

Natumaini huko mafunzoni u mzima na kile kiuno kimeacha kukusumbua. Sisi wazima. Kibonge wangu ameota jino la pili, tayari kalijaribia kwenye chaki.

Dada, leo mkuu wa shule kaniita, kaniwekea mezani tathmini yangu. Kaandika kwamba mwalimu msaidizi wa darasa la awali haji vikaoni, anafundisha kwa ratiba ya zamani, na hakuwaandaa watoto siku ya ukaguzi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na kwa karatasi ile hauongezwi. Nikamwambia sikupewa habari. Akafungua lile daftari la matangazo ambalo mhudumu hulizungusha madarasani asubuhi, akaweka kidole.

"Soma jina lako. Umesaini mara tatu."

Nikalivuta daftari karibu. Jina langu, na mkia wa herufi ya mwisho umepinda kama ninavyoupinda. Lakini kwa roho ya mwanangu, sijaliona hata tangazo moja. Nani ananichimba hivi? Nimepewa wiki mbili nijieleze. Kabla hujaenda mafunzoni darasa lako lilikuwa jirani na langu, hukuona mtu?

Mdogo wako

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Nimelifurahia hilo jino, mbusu mwanangu. Kiuno afadhali, ila tangu nisome barua yako chakula hakipiti.

Usimtafute mtu. Ni mimi. Ulikuwa unachelewa kwa ajili ya kunyonyesha. Daftari likifika mlango wako umefungwa, namwambia mhudumu lete hapa, nasaini. Niliogopa usije ukaandikwa mchelewaji. Najisemea nitakueleza saa ya chai, na saa ya chai tunacheka vituko vya mtoto, naondoka nimesahau. Nilidhani nakusitiri.

Mwambie mkuu ukweli.

Dada yako

Tarehe 15 Machi

Dada,

Habari za huko? Sisi tupo, mtoto ana mafua kidogo.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Wewe, uliyenifundisha kushika kalamu! Nimekununia siku mbili, sikufichi. Lakini kukutaja siwezi. Wakijua ulisaini jina la mwenzio, cheo unachokisomea kitaota mbawa. Nitasema nilisaini bila kusoma. Kazi nyingine nitapata tu, nguvu ninazo.

Mdogo wako

Tarehe 2 Aprili

Dada,

Nasikia umerudi kwa mama. Mafua ya Kibonge yameisha. Wewe je, unakula?

Nilingoja jibu lako, kumbe ulishamwandikia mkuu. Siku ya kujieleza alinizuia kabla sijafungua mdomo, akanisomea barua yako yote. Nililia mbele yake kama mtoto. Mimi nimeongezewa miezi mitatu, wewe umesimamishwa mpaka bodi ikae. Hilo bado halijaniingia akilini.

Sasa mhudumu hapokei sahihi mpaka umsomee tangazo kwa sauti. Mimi nasoma polepole, wenzangu wanatania kwamba kengele italia sijamaliza, lakini kikao cha juzi nilifika wa kwanza. Na watoto wameshika ratiba mpya, ungewasikia.

Jina lako bado limo daftarini, chini ya langu, na nafasi yake tupu. Leo mhudumu, kwa mazoea, kaniambia nikusainie tu. Nikamrudishia kalamu.

"Huyo atasaini mwenyewe," nikamwambia. "Anarudi."

Mdogo wako