Kidonge Cheupe Kilichoishinda Ndimu

Temeke, 12 Machi 1954

Binamu Somoe, mtani wangu mwenye ulimi mkali,

Salamu zikufikie huko Kilwa kabla hujaanza kunitukana. Dukani pana vidonge vya kiungulia vya namna mbili, vyeupe na vya rangi ya waridi, nami nimevipima. Nilikamua ndimu katika vikombe viwili, nikatia maji mekundu ya maua ya choya, ambayo hugeuka rangi ukali ukiisha. Kikombe cha kwanza, kidonge cheupe kimoja tu kilitosha: kilitoa povu, rangi ikageuka zambarau, ukali ukaisha. Cha pili kilitaka vya waridi vitatu. Mke wangu akafoka, "Mzee, umeharibu sharubati!"

Basi nikameza cheupe, kisha vinne zaidi. Wapi! Hebu niambie, tumboni mwangu mna nini kikali kuliko ndimu? Jana nilitapika damu. Kesho napelekwa hospitali kupasuliwa.

Najua watani ndio mnaochekesha watu msibani. Wewe njoo unitanie sasa, ningali naweza kukujibu.

Ni mie, Mwinshehe, mzee wa tumbo bishi